Kwa Nini Arlys Aliandika Vibanio vya Nguo

Mimi ndiye niliyeleta yale madaftari, kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa, anza na mimi. Ilikuwa Januari ya mwaka jana, Jumatano ya akina mama, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa letu la Kilutheri hapa Holmvik. Niliwagawia wanawake tisa daftari moja moja na penseli, nikawaambia: kila asubuhi, kabla ya kahawa ya pili, andika mambo matatu unayoyashukuru. Kanuni ni moja tu, usirudie. Ukishaandika jua leo, jua limekwisha mpaka mwakani.

"Mambo matatu kila siku, mwaka mzima?" akauliza Arlys Tveit. "Dolores, maisha yangu yote hayana vitu elfu moja."

"Anza na kahawa."

"Kahawa ya hapa? Afadhali nianze na maji."

Ndivyo alivyo Arlys. Alipika miaka ishirini na sita katika jiko la shule, na maneno yake alikuwa akiyapima kama unga. Hapa kwetu mtu akivunjika mguu ukamjulia hali, atakujibu "si mbaya". Arlys hata hiyo "si mbaya" aliitoa shingo upande. Wengi wetu tuliacha kuandika kabla Februari haijaisha, nikiwemo mimi, na aibu ninayo. Yeye hakuruka hata siku moja.

Mumewe, Orrin, alikuwa amestaafu vuli iliyotangulia. Alikuwa mtu mwema lakini wa kelele. Redio, miluzi, milango ya makabati, na kuuliza kila siku chumvi iko wapi, katika nyumba aliyoishi miaka thelathini na minane. Majira ya baridi ziwa letu huganda, nasi huvua tukiwa ndani ya vibanda vilivyosimama juu ya barafu. Ilipofika Machi, siku ya mwisho ya kuondoa vibanda vya uvuvi juu ya barafu ya ziwa ikawa imekaribia. Orrin, kama wanaume wote wa hapa, alikuwa amengoja hadi dakika ya mwisho. Asubuhi ya tarehe kumi na tatu alitoka kupasha gari moto na kupakia minyororo ya kuvutia kibanda. Arlys akakaa mezani akaandika: Nashukuru kimya. Nashukuru buti kavu. Nashukuru Orrin anatoka nyumbani leo. Akaliacha daftari pale, akaenda kumtoa mbwa uani. Aliporudi, gari lilikuwa limeshaondoka.

Saa tisa alasiri, barafu iliyombeba Orrin asubuhi ilikataa kumbeba tena. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa ziwa. Tunaiamini barafu ya asubuhi mpaka mchana, na tunajua vizuri jua la Machi linavyoilainisha. Walimtoa majini kesho yake, amekwisha kufa. Mabakuli ya viazi na nyama kutoka kwa majirani yakajaa jikoni kwa Arlys, kila moja limebandikwa chini utepe wenye jina la mwenyewe. Aliyaosha yote, akayarudisha ndani ya wiki mbili, na kila aliyemuuliza alimjibu si mbaya.

Lakini ile sentensi ilimganda. Alikuwa ameshukuru mumewe anatoka, na mumewe akatoka moja kwa moja.

"Najua ni upuuzi," aliniambia baadaye. "Kichwa kinajua, Dolores. Mkono ndio haujui."

Alitaka kuacha kuandika, akaogopa, maana akiacha, ukurasa ule utabaki kuwa neno lake la mwisho. Basi akaendelea. Juni akaandika jina la mbwa wao, Bosko, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Bosko akafa ndani ya wiki. Mbwa yeyote wa umri ule angekufa, lakini nenda kamwambie hivyo mtu anayekaa na hofu yake peke yake jikoni. Tangu siku ile Arlys hakushukuru tena kitu chochote anachokipenda. Aliandika chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Aliandika kizibo cha sinki. Aliandika vibanio vya nguo.

Ana binti mmoja, Britta, anayeishi mwendo wa dakika arobaini kwa gari. Mwisho wa mwaka alikuwa na mimba ya miezi sita, na kila Jumapili alikuja kula kwa mama yake. Akirudi nyumbani kwake humpigia mama simu, inalia mara mbili, anakata. Maana yake nimefika, na hakuna anayepokea. Wakati wa theluji sote tunafanya hivyo.

Jumapili moja ya Desemba, Arlys alishuka kutoa nyama kwenye friza, akakawia huko akiipanga upya. Alipopanda akamkuta Britta na daftari mkononi.

"Nimelisoma, Mama. Lote."

"Nani kakutuma?"

"Kizibo cha sinki kimo. Dereva wa gari la kuondoa theluji yumo, na wewe humpendi hata kidogo! Mimi simo. Karibu mwaka mzima, simo hata mara moja. Wala huyu aliye tumboni. Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

"Basi niandike sasa hivi, nikiona. Jina tu, Mama. Herufi sita."

"Siwezi."

Arlys akafungua tarehe kumi na tatu Machi, akamsogezea. Akamweleza yote, hadi habari ya mbwa. "Nisipokuandika, uko salama," akasema. "Niite mzee mjinga, sawa. Lakini binti ninaye mmoja."

Britta hakuusoma ukurasa. Alikaa chini, rangi imemtoka.

"Naujua huu," akasema. "Baba alinisomea."

"Alikusomea lini?"

"Siku ileile. Alikuwa ameingia kujaza chupa ya kahawa, akaliona liko wazi. Saa sita akanipigia kutoka kibandani. Mama, alikuwa akicheka mpaka anakohoa. 'Miaka thelathini na minane, hatimaye nimempa mama yako zawadi anayoitaka!' Akasema anafunga minyororo, arudi kula mchana. Mimi nikamwambia, mwache Mama apumzike. Kaa huko mpaka jioni."

Miezi tisa walikuwa wamekula meza moja kila Jumapili, kila mmoja na lake kooni.

Arlys aliniambia kwamba hakupata faraja. Alichosikia kwanza ni Orrin akicheka, sauti yenyewe, mle mle jikoni. Kisha akauona uso wa mwanawe, akaitambua ile hofu: ni ileile aliyoibeba yeye, ya kudhani neno lako limeua mtu. Akachukua penseli. Polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, akaandika: Britta.

Britta aliondoka saa tisa, theluji ikianza kuanguka. Arlys akakaa kando ya simu, aproni bado kiunoni. Dakika arobaini zikapita. Zikapita hamsini.

"Nilikuwa na kifutio mkononi," aliniambia. "Nilishakiweka juu ya ile B."

Dakika ya hamsini na sita simu ikalia. Mara mbili, ikanyamaza.

Kesho yake akaandika Britta tena, na keshokutwa pia. Jumatano nikamkumbusha haturudii.

"Basi nifukuze," akanijibu.

Mtoto alizaliwa Machi, wa kike, na sasa naye yumo. Kila asubuhi, akishaandika majina yale mawili, Arlys hukaa dakika nzima ameweka mkono juu ya simu. Hofu haijamtoka, na sidhani itamtoka. Kile kifutio alinikabidhi mimi. Kiko kwenye droo yangu, na ameshaniapisha nisimpe hata akikiomba.