Mbegu Zilizokosa Moshi

Jumapili, saa kumi na robo jioni. Nipo jikoni kwa bibi, hapa Lukozi kwenye baridi ya milimani, naandika kabla sijasahau. Nilipewa ruhusa ya kutoka shuleni kuja kuchukua sweta tu, maana kesho asubuhi wageni wa mradi wanakuja kuzindua bweni letu, na mimi ndiye nimechaguliwa kusoma risala. Mimi, ambaye hata kuomba kwenda chooni naona haya.

Bweni limekarabatiwa ili litunze joto bila kula umeme. Dari mpya, taa mpya, madirisha ya kioo yasiyofunguka. Joto lipo kweli, siwezi kusema uongo. Ila mvua hizi tunaanika nguo humo humo ndani, na kuta zimeota kuvu. Rehema, anayelala kitanda cha juu yangu, ana pumu. Siku hizi analala amekaa. Na baada ya bweni letu watakarabati zahanati, kwa madirisha yale yale.

Nilimsomea bibi risala aliyoiandika mwalimu. Shukrani mwanzo mpaka mwisho. Madirisha hayamo.

"Na wewe hutasema?"

"Nitasemaje, bibi? Wataniambia shukrani ya punda ni mateke."

Bibi akaacha kumenya viazi. Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Punda angalau hupiga teke, mjukuu wangu. Mimi nilichekacheka tu." Halafu akanieleza. Naandika kama alivyosema.

"Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu nilivaa viatu. Nilikuwa na umri wako huo. Wageni wa mradi walikuja kutujengea majiko banifu, wa kwanza mama yangu. Mama hakujua Kiswahili, alijua Kishambaa chake tu, basi mimi msomi nikawa mdomo wake. Wakasema mafiga yanakula msitu, watajenga jiko la udongo lenye bomba, moshi wote uende nje. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tunavyosema?

"Mama alitazama juu. Unajua juu ya mafiga kulikuwa na nini: dari ya fito, na mbegu. Mahindi yamefungwa kwa maganda yake, na maharage aliyoachiwa na nyanya yake, meusi yenye mkanda mweupe. Moshi ndio uliokuwa ukiyalinda. Fukusi, yule mdudu anayetoboa nafaka, haingii kwenye moshi. Yule mgeni akauliza, mama ana neno? Aliuliza, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba aliuliza. Mama akaniambia, 'Waambie waniachie moshi kidogo, mbegu zangu zitakufa.' Nikaona aibu. Watu wametoka mbali na ramani zao, nikawaambie habari za moshi? Nikasema, 'Mama anashukuru sana.' Wakampigia makofi. Mama akadhani wamekubali, akacheka nao.

"Kuni zilipungua, sikatai. Mzigo wa siku mbili tuliupikia wiki. Lakini vuli ilipokuja, mama akapanda juu kuteremsha mbegu, akashuka na unga. Zimebunguliwa zote. Alishika punje moja ya yale maharage, ikapasuka vidoleni. Majirani walitupa mahindi ya kupanda. Yale maharage hakuwa nayo mtu mwingine. Mpaka leo nikienda sokoni natazama magunia ya watu. Sijayaona.

"Ndipo nikamwambia ukweli. Hakunipiga. Alisema, 'Mtoto akitumwa chumvi akaimwaga njiani, hurudi akasema. Wewe nilikutuma maneno, ukayamwaga, ukarudi unacheka.' Hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote. Na hakunituma tena neno kwa mtu. Wageni wakija, alimwita mtoto wa jirani."

Nilidhani bibi amemaliza. Alitupa maganda ya viazi kwenye ndoo, akaendelea.

"Mficha uchi hazai. Nasaha yangu ni hiyo, mwanangu, sina nyingine. Msaada upokee kwa mikono miwili, lakini anayekujengea nyumba halali humo. Unayelala humo ni wewe. Akikuuliza, mwambie. Asipouliza, mwambie vilevile, mapema, kabla punje hazijawa unga. Mungu akupe sauti aliyoninyima mimi. Na kama itatetemeka, itetemeke, ila ifike."

Akanipa sweta.

Jumatatu. Nimesoma risala yote, macho kwenye karatasi. Halafu nikakunja karatasi nikasema, "Madirisha hayafunguki. Kuna mwenzetu anaumwa kifua. Tunaomba yafunguke, na ya zahanati pia." Mwalimu anayewatafsiria wageni akatabasamu, akawaambia kwa Kiingereza kwamba wanafunzi wamefurahi mno na hawana la kuongeza. Wageni wakaanza kupiga makofi. Nikamtazama Rehema, mstari wa pili, mkono kifuani, na yeye anapiga makofi.

Sikukaa. Nikayarudia maneno yangu mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu, kimevunjikavunjika, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka makofi yakaisha.