Jemadari wa Kiti cha Mteja

Kaka yangu alipigana vita ya Urusi na Ukraine tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kuinuka kwenye kiti. Kiti chenyewe hakikuwa chake. Alikuwa fundi wa masofa, na kila sofa iliyoletwa karakanani kuvalishwa kitambaa kipya, yeye ndiye aliyeikalia kwanza. Alisema anapima springi. Springi za sofa moja zilipimwa taarifa ya habari ikianza, zikaendelea kupimwa hadi wachambuzi wote wamemaliza maneno na yeye amewasahihisha mmoja mmoja. Mtaa ukamwita Jemadari. Tumemzika mwezi uliopita, Mungu amrehemu, na kila anayekuja kunipa pole ananisimulia habari zake. Nimeona niandike mwenyewe kabla chumvi haijazidi.

Karakana ilikuwa ya watu wawili, kaka yangu na mume wangu. Mume wangu ni seremala. Yeye anaunda fremu, kaka anaijaza sponji na kuivalisha. Chumba ni kimoja kirefu: mbele mashine ya kushonea na marobota ya vitambaa, nyuma benchi la useremala na vumbi la mbao. Mimi nauza nyuzi, vifungo na zipu kwenye kidirisha cha pembeni, kwa hiyo hakuna lililosemwa mle ndani likanipita.

Vita ilipoanza, kaka alitangaza kwamba itaisha kabla gundi ya kochi la daktari wa meno haijakauka. Gundi ikakauka. Daktari akachukua kochi lake, wagonjwa wakalikalia kwa hofu zao zote hadi likachakaa, akalirudisha livalishwe upya. Akauliza kwa upole, "Jemadari, vipi ile vita?"

"Iko ukingoni, daktari," kaka akamjibu, bila haya hata chembe.

Alikuwa upande wa Ukraine. Alikuwa mtu mfupi, na tangu shuleni hakupenda kuona mkubwa anaingia uani kwa mdogo bila hodi. Mume wangu alikuwa upande wa Urusi kwa sababu moja tu ninayoijua mimi: kaka alikuwa upande wa Ukraine.

"Shemeji, mti mkubwa hauangushwi kwa wembe," mume wangu angesema huku akipiga randa.

"Mchwa wana shoka?" kaka angejibu.

Kanisani nako alitutia aibu. Jumapili moja mchungaji aliuliza nani ana ombi. Kaka akasimama kuomba amani, jambo jema kabisa. Lakini kabla ya kufika kwenye amani ilibidi apitie mito, madaraja, hali ya matope na udhaifu wa upande wa kusini. Kina mama wa kwaya wakaanza kukaa chini mmoja mmoja. Mchungaji alimvumilia, kisha akasema, "Ndugu yangu, Mungu anaijua ramani."

Tulicheka mpaka nyumbani. Sikujua kwamba kicheko hicho kina mwisho.

Kulikuwa na mji mmoja ambao kaka aliuapia. Kila siku alieleza kwa nini hauwezi kutekwa, akichora kwa chaki kwenye kitambaa cha watu. Asubuhi moja redio ikasema umetekwa. Mume wangu alikuwa ameshalisikia hilo nyumbani, na njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake kama mtu aliyeficha pipi mdomoni. Nikamwambia, "Baba, nyamaza leo." Akaniahidi. Tulipofika mlangoni akasema, "Za asubuhi, Jemadari. Ule mji umeuweka wapi?"

Kaka alikusanya makopo yote ya gundi na mashine ya stepla, akavifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. "Kuanzia leo," akasema, "nimekuwekea vikwazo."

Mume wangu alidhani ni utani, hadi alipohitaji gundi. Naye akalipiza. Luninga ya karakana ilikuwa ya kaka, lakini mita ya umeme ilikuwa ya mume wangu. Akaichomoa luninga saa ya habari ilipofika, na hapo uhusiano ukavunjika rasmi.

"Dada," kaka akaniambia, "mwambie mumeo asogeze benchi lake."

"Si yuko hapo, kaka? Mwambie."

"Sina uhusiano naye."

"Mke wangu," mume wangu naye akasema, akiwa hatua mbili tu kutoka kwake, "mwambie kaka yako benchi liko kwenye ardhi yangu."

"Ardhi yake tangu lini?"

"Mwambie tangu enzi za mababu."

Karakana ile tumeikodi, na mababu zetu hawakuwahi kuiona. Lakini nikawa kama Umoja wa Mataifa: wote wananiheshimu, hakuna anayenisikiliza.

Katikati ya ujinga huo palikuwa na sofa ya mkunga. Mkunga huyu amezalisha nusu ya mtaa, na alikuwa anastaafu. Aliagiza sofa kubwa yenye mikono ya mviringo. Kisha akabadili mawazo, akapita karakanani wakati kaka hayupo, akamwambia mume wangu anataka mikono iliyonyooka, ya bapa, apate pa kuweka kikombe. Mume wangu akaunda mikono bapa. Hakumwambia kaka, wala mimi hakunituma. Baadaye nilipomuuliza sababu alisema ilikuwa siri ya kijeshi.

Kaka naye akakata na kushona kitambaa kwa vipimo vya mikono ya mviringo, huku amegeuza uso ukutani asiione fremu ya adui. Siku ya kuvalisha, kile kitambaa kilining'inia kwenye ile mikono kama koti la baba kwa mtoto wa chekechea. Mkunga akafika, akakaa, akavuta mkunjo mmoja, ukaja mkono mzima.

"Nyie wanangu," akasema, "watoto wanaotoka kwa miguu nimewaona wengi. Sofa ya namna hii sijaiona." Akatupa mpaka Jumamosi, vinginevyo kazi anaipeleka kwa fundi mwingine.

Badala ya kurekebisha, kila mmoja alimlaumu mwenzake kupitia kwangu, na mume wangu akasimamisha nguzo za mbao katikati ya chumba. Alikuwa anajenga ukuta. Kaka akasema vyema, na yeye atatoboa mlango wake. Sikuona tena cha kuchekesha. Nilikuwa na kaka mmoja na mume mmoja, wa akiba sina. Wazazi wetu walikufa mapema, na kaka ndiye aliyenisomesha hadi kidato cha nne kwa kushona viti vya watu. Nilijua ukuta ule ukifika darini, hautaishia karakanani. Nikaingia nyuma ya kidirisha changu nikaomba, na sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, Bwana, wanyamazishe hawa.

Kaka alikuwa amevuta umeme kwa jirani kinyozi, luninga ikawa inawaka tena. Mchana huo walionyesha jengo la ghorofa lililopigwa. Ukuta wa mbele ulikuwa umedondoka wote, vyumba vimebaki wazi kama droo zilizovutwa. Juu kabisa, ukingoni, palikuwa na kiti kimoja cha kukalia, cha kitambaa cha kijani, kimetulia kama kinavyotulia sebuleni.

Kaka alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama mbele ya habari.

"Shemeji," akasema, "hebu njoo uone."

Mume wangu akaacha nyundo, akapenya kati ya nguzo zake mwenyewe.

"Fremu nzima," akasema.

"Na vifungo vimevutwa kwa mkono. Tazama mgongoni. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, siku nzima."

"Naona."

"Jana kulikuwa na mtu amekikalia anaangalia habari, shemeji. Kama mimi hapa."

Picha ikapita, wakaja wachambuzi. Kaka hakuwasahihisha. Mume wangu akajikuna shingo, akasema, "Ule utani wangu wa asubuhi ile haukuwa utani."

"Haukuwa," kaka akasema. "Na gundi imegandia kabatini, kopo zima. Nilisahau kulifunika."

Wakacheka, kwanza kwa kujizuia. Jioni hiyo mume wangu aling'oa nguzo, kisha akashika kitambaa cha mkunga pembe mbili huku kaka akifumua mishono, na mkunga akapata mikono yake bapa.

Sitaki kusema uongo kwa kuwa nimefiwa. Kaka hakuwa mtakatifu baada ya hapo. Wiki iliyofuata alikuwa amekalia sofa ya mwanasheria, akieleza kwamba vita iko ukingoni. Aliendelea kukosea hadi Bwana alipomchukua, mchana mmoja, usingizini, na vita yake ikabaki inaendelea bila yeye.

Siku ya mazishi wanaume walikaa nje kwenye viti vya plastiki, na kama kawaida ya wanaume, maombolezo yakageuka siasa. Dereva mmoja, jirani yetu, akasema Urusi haiwezi kushindwa, mkubwa ni mkubwa tu. Nilikuwa dirishani na kina mama. Nikamwona mume wangu akiinua kichwa.

"Hujui kitu," akamwambia. "Unajua upana wa ule mto? Unajua matope ya kule? Jeshi zima linazama mpaka magotini."

"Si wewe mwenyewe uliyekuwa unasema Urusi?" dereva akauliza.

"Nilikuwa nasema ili nijibiwe." Akavuta kiti karibu, akaanza kuchora mchangani kwa kidole: madaraja, kisha upande wa kusini. Sauti ikapanda. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, kwa kuwa mkono ulikuwa kwenye ramani.

Mchungaji akanitazama kupitia dirisha, kana kwamba ananiuliza kama amnyamazishe. Nikatikisa kichwa kwamba amwache. Dereva naye, Mungu ambariki, akaendelea kubisha.