Sufuria ya Shaba na Matone ya Iodini

Nilipotoka chuoni, katika miaka ya hamsini, niliajiriwa kwenye maabara ya hospitali ndogo ya mgodi, upande wa Geita. Nilidhani maabara itakuwa yangu. Nikamkuta dresa, yaani mfunga vidonda, mtu wa Shinyanga aliyenizidi miaka kumi na miwili, aliyeishia darasa la nne, na daktari alikuwa akimwita yeye kwanza kwa kila jambo. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo. Akiitikia marahaba, moyoni nilikuwa nahesabu ni mara ngapi daktari amecheka naye jana.

Wachimbaji wengi walikuwa wakitokwa na damu kwenye fizi: kiseyeye. Ndimu zilitoka mbali, na nyingi zilifika zimeoza. Dresa akashauri ubuyu wa kwao. Daktari akataka kila mmoja wetu aupime peke yake, akaongeza kuwa atakayefanya kazi ya kuaminika atakabidhiwa maabara.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unatia uji mwepesi wa muhogo kwenye vijiko viwili vya maji ya ubuyu, kisha unadondosha iodini tone moja moja. Vitamini C huipa iodini elektroni zake, nayo iodini hupoteza rangi. Vitamini ikiisha, tone linalofuata hukutana na wanga wa muhogo, na maji yote yanageuka bluu. Kadiri matone yanavyokuwa mengi kabla ya bluu, ndivyo vitamini ilivyo nyingi.

Dresa alikoroga ubuyu kwenye kikombe cha enameli kilichobanduka mdomoni, akachuja kwa kitambaa, akapima palepale huku akipanga njiti za kiberiti, moja kwa kila tone. Njiti ishirini na sita. Njiti! Mimi niliazima sufuria ya shaba kwa mfanyabiashara mmoja, nikaisugua kwa jivu na ndimu zilizooza mpaka bati lote lililopakwa ndani likatoka, ikabaki shaba tupu. Nilichuja mara tatu na kuacha maji ya ubuyu yatulie humo tangu jana yake mchana, ili bluu ionekane vizuri.

"Msomi, umeisugua mpaka inakuonyesha meno yako," dresa aliniambia.

Nilipata matone manne. Nikaandika kwamba ubuyu haufai, nikaacha karatasi juu ya meza ya daktari. Kisha nikaanza kuwaza. Je, dresa alihesabu vibaya? Alizidisha njiti kwa makusudi? Nilitamani sana awe amedanganya. Ili nimshike, siku iliyofuata niliomba mabaki ya maji aliyokoroga na kupima upya asubuhi hiyo, akapata ishirini na sita tena; nusu nikaiacha kwenye kikombe chake, nusu nikaimimina kwenye sufuria yangu. Baada ya chakula cha mchana nikapima tena. Kikombe: ishirini na tatu. Sufuria: tisa.

Nilikaa chini. Hewa huila vitamini hiyo polepole, lakini shaba tupu huiharakisha. Hilo nilifundishwa, nikalifaulu hata kwenye mtihani. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kumwaga vyote, karatasi yangu ikabaki kama ilivyo, na wagonjwa wakaendelea kungoja ndimu. Nilimchukia dresa kwa kuwa na kikombe kibovu.

Daktari alipoingia, karatasi yangu ilikuwa mkononi mwake. Akauliza amwamini nani.

"Yeye," nilisema. "Sufuria yangu ndiyo iliyoua vitamini."

Aliniomba nieleze, akasikiliza mpaka mwisho, akaichana karatasi. Akatoa ufunguo wa maabara mfukoni na kumpa dresa.

Tulipobaki wawili, dresa hakujigamba, jambo lililonikera zaidi. Aliuliza tu hizo elektroni ni kitu gani. Nilimchorea ubaoni kwa haraka, nikitumaini hataelewa.

"Basi ubuyu ulishatoa zote kwa hewa," akasema, "iodini ilipofika ikakuta mikono mitupu."

Hata mwalimu wangu chuoni hakuwahi kueleza vizuri hivyo. Wiki hiyo wodi ilianza kunywa ubuyu, uliokorogwa palepale kwenye vikombe vya enameli. Niliirudisha sufuria ya watu ikiwa haina bati lake, nikiwa natunga maneno ya kujitetea njia nzima. Na kila asubuhi niliposimama mlangoni nikimngoja dresa aje kufungua, niliutazama ule ufunguo kabla ya kumwamkia.