Jina Alilolitaja Mama

Harufu ya samli iliyopashwa moto hunitia kichefuchefu hadi leo, na wanaonikaribisha chakula hudhani ninadeka. Nyumbani kwetu Masisi, miaka michache baada ya uhuru, samli haikuwa ya kuungia maharage. Kila asubuhi mama aliipasha kwenye kigae, akampaka mdogo wangu Bauma, akaikanda miguu yake iliyokakamaa kama fito za ua. Bauma alikuwa na miaka miwili na shingo yake haikuweza kubeba kichwa. Kucheka alijua, tena alicheka sana, hasa ng'ombe walipopita wakikohoa ndani ya ukungu. Majirani walisema amelaaniwa kwa dhambi ya mama yake. Mimi nilijua si kweli, maana nilikuwepo uchungu ulipomshika mama.

Nilikuwa na miaka saba, nimewekwa mlangoni kuchochea moto na kuchota maji. Kwetu, mwanamke akikwama katika uchungu, wakubwa walisema anaficha jina la mwanamume mwingine, na mtoto hatoki mpaka jina litoke. Aliyesimamia uzazi ule ni bibi, mama mzaa baba, pamoja na dada yake. Hakuwa mkatili, nataka hilo lieleweke. Ndiye aliyenilea, na kitandani kwake ndipo nilipolala. Aliamini tu, na imani yake ilikuwa ngumu kuliko jiwe la kusagia. Uchungu ulianza Jumatatu asubuhi. Jumanne mchana mama aliomba abebwe kwa kipoyi, yaani machela yetu ya fito na mkeka, apelekwe dispensari, mwendo wa saa nne kuvuka vilima.

"Muficha uchi hazai," bibi akamjibu. "Sema jina kwanza. Kipoyi itakuya nyuma ya jina."

"Mama, sina jina," mama akalia. "Munibebe tu."

Baba alikuwa nje pamoja na wanaume wengine, akingoja kama mila ilivyomtaka, na alingoja vizuri mno. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jumatano alfajiri, sauti ikiwa imemkauka, mama alimtaja mfanyabiashara mmoja wa Butembo ambaye aliwahi kumuuzia chumvi mara moja tu na kuendelea na safari yake. Papo hapo kipoyi kikaletwa. Bauma alizaliwa dispensari akiwa na rangi ya buluu, mlegevu, bila kulia. Mama alinisimulia baadaye maneno ya muuguzi: "Mutoto alikosa pumzi, njo maana kichwa iliumia. Mungemuleta jana."

Miaka miwili baadaye, ilipokuwa wazi kwamba Bauma hatatembea, ukoo wa baba uliamua kumrudisha mama kwao Ntoto, upande wa Walikale. Sababu yao ilikuwa lile jina. Mama alikuwa mtu mpole, wa kuinamisha macho mbele ya wakwe, lakini safari hii alifanya jambo ambalo hakuna mke aliyewahi kulifanya mlimani kwetu: alikwenda mwenyewe kwenye baraza la chifu kumshtaki mama mkwe wake. Hakutaka ng'ombe wala mbuzi. Alitaka itamkwe hadharani kwamba mtoto aliumizwa na kucheleweshwa, na kwamba yeye alisema uongo ili kumwokoa. Hapo angebaki na sisi.

Bibi akaliambia baraza kwamba mama alikiri kwa hiari yake siku ile ya kwanza, na alibebwa bila kuchelewa. Baba na wabebaji walisema mambo ya uzazi si ya wanaume, na dada yake bibi alikuwa ameshafariki. Waliobaki kati ya waliokuwa ndani ya nyumba ile ni wenye kesi wawili, na mimi.

Siku niliyoitwa kutoa ushahidi, njiani kwenda barazani, bibi alinishika mkono mwendo wote. Asubuhi ile alikuwa amenimenyea kiazi kwa vidole vyake, na sasa alizungumza taratibu, kama anayenionea huruma. "Mutoto mwenye kutoa mambo ya nyumba ya kuzalia," alisema, "naye atakwama vilevile siku yake." Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimemsikia mama akilia kwa siku mbili, na nilijua kukwama ni nini.

Wazee watatu walikaa kwenye benchi. Wa katikati aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Weye ulikuwa pale. Sema ile ulisikia."

Mama alinitazama, Bauma mgongoni, akaniitikia kwa kichwa kunipa moyo.

"Sikusikia kitu, Papa. Nililala."

Mzee akauliza mara ya pili. Nikajibu vilevile. Mama hakunikemea. "Mumuache," alisema. "Iko mutoto."

Baraza likamwamini bibi, na wiki ile ile mama alishika njia ya Ntoto kwa miguu, amembeba Bauma. Mimi nilibaki, kwa kuwa mtoto mzima ni wa ukoo wa baba, na yule mgonjwa hakuna aliyemtaka. Msimu wa pili wa mvua tangu waondoke, wachuuzi walituletea habari kwamba Bauma amekufa kwa kikohozi. Mama sikumwona tena.

Sasa ninaishi Goma. Nimezaa watoto watano na hakuna aliyekwama. Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka pamoja nami. Siku hizi pikipiki zinawawahisha wajawazito hospitalini, hata kutoka vilima vyetu, ingawa nasikia bado wapo wanaoulizwa jina kwanza. Mwezi uliopita wakili mmoja kijana, binti wa parokia yetu, alikuja kutufundisha akina mama kwamba mtoto akiumizwa wakati wa kuzaliwa, mzazi anaweza kwenda kudai haki mahakamani: tunza karatasi za hospitali, andika saa, andika waliokuwepo. Watu walipotawanyika nilimsimulia haya. Alinishika mabega, machozi yamemlenga.

"Mama, wakati ule mutoto hakukuwa na sauti," alisema. "Leo tribinali ingekusikiliza."

Nilimshukuru, ni binti mwema. Lakini amekosea. Walinisikiliza. Wazee watatu walinitegea masikio nikiwa na miaka tisa, wakaniuliza mara mbili, wakahukumu kwa neno langu.