Fundo Alilolikata Mkasi

Fundi cherehani huyu mtaa mzima ulimwita Mkasi, na jina lilimkaa barabara. Akiona uzi unaning'inia kwenye nguo ya mtu, hana raha mpaka aukate. Hata bwana harusi aliwahi kusimamishwa naye njiani: "Samahani ndugu yangu, tulia kidogo," kacha! uzi chini. Kikasi chake hakikukosekana mfukoni. Na maumivu? Mkasi angechomwa sindano ya cherehani mpaka kwenye ukucha, ungemsikia anauliza tu bei ya vifungo. Basi siku utumbo ulipojisokota akakimbizwa hospitali kimya kimya, na kikasi chake mfukoni.

Alipasuliwa tumbo, akashonwa. Asubuhi yake nesi akabandua bandeji, akasafisha, akaenda kuchukua nyingine. Mkasi akachungulia. Mshono ulifichwa ndani ya ngozi, mstari umenyooka, na moyoni akakiri kwamba daktari naye ni fundi. Ila chini kabisa ncha ya uzi ilikuwa imechomoza, na kifundo juu yake. Mazoea yana taabu, jamani! Mkono ukaenda wenyewe kwenye kimeza cha pembeni, kilipowekwa kikasi chake. Kacha!

Ndipo akili ikamrudia. Uzi ulikuwa mmoja, juu mpaka chini, na fundo ndilo lililoushikilia. Nguo ngapi alizifumua hivyo hivyo, unakata fundo, unavuta kidogo, mshono wote unaachia? Alijiona amesimama, matumbo yote yako sakafuni.

Nesi alirudi mbio huku akiitwa kitanda cha pili, akabandika bandeji bila kutazama sana.

"Baba, leo usimame utembee kidogo. Na ukohoe, utoe makohozi."

"Kesho, mwanangu."

"Panauma? Nikuletee dawa?"

"Wala."

Muongo mkubwa! Tumbo lilikuwa linawaka moto. Lakini aliona akisema panauma watamfunua, wajue alichofanya. Akalala chali kama gogo, akipumua juu juu, akimeza kila kikohozi kilichopanda. Jirani yake alipofungua mkebe wa ugoro, Mkasi alikaribia kulia kwa woga wa kupiga chafya.

Mchana mkewe alipoingia na nguo safi, kifua cha mumewe kilikuwa kinakoroma na paji la uso linachemka.

"Baba watoto, mbona unahema hivyo?"

"Usiniguse," akanong'ona. "Nitafumuka."

"Utafumuka nini wewe?"

Akamweleza. Mwanamke hakucheka. Alikitia kikasi kwenye mkoba wake, akatoka anaita daktari kwa sauti ya kuamsha wodi nzima.

Daktari, mama mmoja mfupi mwenye mikono ya haraka, akafunua. Mwisho wa mshono ngozi ilikuwa imeachana upana wa ukucha. Mkasi alifumba macho asione zaidi.

"Fundi, ukishona koti, bitana na kitambaa cha juu unavishona kwa uzi mmoja?"

"Hapana."

"Na mimi sikushona hivyo. Ulioukata wewe ni uzi wa ngozi. Ukuta wa tumbo nimeushona peke yake kwa uzi mnene, uko pale pale. Kinachonitisha ni hicho kifua. Makohozi yakikaa humo yatakuua, na mshono wangu ukiwa mzima."

Akaibana ngozi kwa vipande vya plasta, akaagiza dawa ya kifua, akamwambia akohoe sasa hivi. Mkasi alielewa kila neno, lakini mwili uligoma.

Mkewe akachukua mto, akauweka juu ya kidonda, akaukandamiza kwa mikono miwili.

"Kohoa."

"Mshono ukiachia je?"

"Nimeshika mimi. Kohoa, baba watoto."

Akakohoa. Maumivu yakamkata kutoka kitovuni mpaka mgongoni, akaona giza, akangoja kumwagika. Hakikumwagika kitu. Akakohoa tena, kohozi zito likatoka, na pumzi ikaingia mpaka chini kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Panauma," akasema, machozi yakimchuruzika. "Mama watoto, panauma sana."

Miaka yote ya ndoa yao, mkewe hakuwahi kusikia neno hilo kinywani mwa mwanamume huyu. Hakuondoa mikono kwenye mto. Aligeuza shingo tu kuelekea mlangoni.

"Nesi! Njoo na dawa, mume wangu anaumia!"