Kovu la Kidole cha Sita

Radjabu wetu alizaliwa Gitega na vidole sita kila mkono. Mama yake, dada yangu, akafariki siku ileile, mtoto akabaki wangu. Kwetu kidole cha ziada hakipigiwi kelele: unakifunga uzi kwenye shina, kinakauka, kinaanguka, basi. Nilivifunga vyote viwili kabla majirani hawajaja kutoa pole. We ungefanya nini? Ungengoja wamuite mkosi, mtoto aliyemla mama yake?

Akakua fundi cherehani, mnene, mcheshi, mwenye wateja mpaka Muyinga. Ila jua likishuka tu, anapapasa ukuta. Tulikuwa tunamcheka: "We kuku nini, unalala na jua?" Vita vilipokuja, askari wakaweka bariyeri za kusimamisha watu kila njia, sikucheka tena.

Mwaka 2003 akaposa Muyinga kwa mzee Mahmudu, muuza vitambaa. Mahmudu akasema macho yapimwe kwanza. Tukaenda watatu kwa dokta Léonard, Mkongomani wa Kivu ya Kusini aliyekimbia vita vya kwao.

Dokta akatueleza polepole. "Protini za mwili zinapaswa kukunjika vizuri ndiyo zifanye kazi. Iko jeni moja, maagizo tunayorithi kwa wazazi, inatengeneza msaidizi wa kuzikunja. Wataalamu wameigundua juzijuzi tu. Ikiharibika, mtoto anazaliwa na vidole vya ziada, ananenepa, na macho yanaanza kufa gizani. Dawa hakuna." Akashika kovu ubavuni mwa kiganja cha Radjabu. "Mama, alizaliwa na kidole hapa?"

Mahmudu akanitolea macho. Niliona harusi inavunjika.

"Hapana, dokta. Pasi ya makaa ilimuunguza."

"Na mkono wa pili?"

"Pasi ileile."

Akanitazama, akaandika. "Basi labda ni upungufu wa vitamini A. Ameze hivi vidonge. Ingekuwa ule ugonjwa, ningemkataza kutembea jioni maisha yake yote."

Jamani, Radjabu alivyofurahi! Akameza vidonge, akala maini na mawese, akajiaminisha. "Mama mudogo, mi nimepona!" Nami nikamjibu alhamdulillahi. Mi huyu huyu, niliyejua.

Wiki ya tatu, tukiwa bado Muyinga kwa mambo ya harusi, alienda soko la Gasorwe na baiskeli. Kila alasiri alikuwa anarudi mapema. Siku hiyo akasema hana haraka, macho iko sawa. Nilimwona anaondoka, nikampungia mkono.

Jua lilikuwa limezama askari wa bariyeri walipompungia mkono asimame. Waliokuwa nyuma yake walituambia alikuwa anatabasamu, akawaendea moja kwa moja. Wakapiga risasi. Alikufa palepale, na miaka yake ishirini na mbili.

Asubuhi tulienda kuomba maiti. Mkubwa wao akasema asiyesimama ni muasi, na maiti ya muasi hairudi nyumbani, wanaifukia wao wenyewe, bila sanda. "Labda kama alikuwa kipofu," akasema. "Alikuwa anaona?"

Mahmudu, machozi mpaka ndevuni, akanigeukia. "Dada, we ndo umemlea. Waambie."

Nikisema haoni, mi ndo nimemuua. Watu wote wa Muyinga walikuwa wananitazama.

Nikasema alikuwa anaona.