Wagonjwa wa Asubuhi

Jina la Mama Kodi alipewa na mama mkwe wake, tena bila kukusudia. Majirani walipomuuliza mama huyo mke wa mwanawe amepata kazi gani, alijibu kwa fahari kwamba anaandika kodi. Yeye alimaanisha kodi za kompyuta, yale maandishi ambayo fundi huyapanga ili mashine ijue la kufanya. Majirani wakasikia kodi nyingine kabisa. Mwenye duka la kona akaacha kumpa salamu ndefu, na mwenye vyumba vya kupangisha wa mtaa wa nyuma akawa akimwona kwa mbali tu anabadili njia. Ilichukua muda watu kuelewa kwamba hamtozi mtu chochote, na kufikia hapo jina lilikuwa limeshakolea. Hata mumewe, fundi wa mafriji, alimwita hivyo hivyo.

Kazi hiyo aliipata ukubwani. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya viungo, pale wanapokwenda watu waliopooza upande mmoja, waliovunjika nyonga, na wale ambao migongo imewagomea. Mapokezi walikaa wawili, yeye na mwanamke aliyemzidi umri ambaye wagonjwa walimbatiza Bibi Foleni, kwa sababu hakuna aliyewahi kuruka foleni mbele ya macho yake. Asubuhi ilikuwa fujo tupu. Watu walijaa kutoka kwenye mabenchi hadi kwenye ngazi, wengine wamebebwa mgongoni, na mara nyingi aliyetoka mbali ndiye aliyeambiwa nafasi zimekwisha, arudi kesho. Hilo lilimuuma. Mchana, foleni ikipungua, alikuwa akijifunza kuandika programu kwenye kompyuta ya mapokezi, akitafuta njia ya kumwezesha mgonjwa kuchagua siku yake akiwa kwake, mguu juu ya mto. Wenzake walimcheka kidogo, kisha wakazoea. Aling'ang'ana mpaka kampuni moja ndogo ikamwajiri, ofisi ya chumba kimoja na nusu juu ya duka la baiskeli. Mteja wa kwanza ambaye Mama Kodi alimletea mkuu wake mpya alikuwa kliniki ile ile.

Mfumo aliouandika haukuwa na mbwembwe. Mgonjwa, au mtoto wake mwenye simu ya kisasa, alifungua tovuti, akachagua siku, akachagua zamu ya asubuhi au ya mchana, basi. Papo hapo ujumbe uliingia kwenye simu yake ukimtajia siku na zamu aliyochagua. Pale mapokezi, Bibi Foleni aliona orodha yote kwenye skrini. Mama Kodi aliujaribu mfumo huo kwenye kompyuta yake ya ofisini mpaka vidole vikafa ganzi, na kila mara ulijibu sawasawa. Jumatatu ukapandishwa hewani, yaani ukahamishiwa kwenye seva, kompyuta kubwa ya kukodi iliyokuwa nchi ya mbali ikihudumia watu wa kila mahali. Simu zikaanza kuingiza miadi. Mkuu wake alimpa mkono, na usiku ule alilala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Jumatano asubuhi Bibi Foleni akapiga simu. Hakupayuka, maana hakuwa mtu wa kupayuka, lakini sauti ilikuwa kavu. Alieleza kwamba wamefika wagonjwa ambao kwenye skrini yake wamewekwa Alhamisi. Alipotaka kuwarudisha, wakamwonyesha simu zao, na simu zao zilisema Jumatano. Mtaalamu wa viungo alikuwa amekubali kuwabananisha wote, lakini chumba cha mazoezi kimefurika na watu wamesimama kwenye ngazi.

"Ni kama zamani tu, mdogo wangu," alimalizia. "Ila zamani hatukuwaita kwa ujumbe."

Mama Kodi aliinama kwenye kompyuta yake. Akajifanya mgonjwa, akachagua Alhamisi asubuhi. Ujumbe ukaja: Alhamisi asubuhi. Akachagua siku nyingine, na nyingine tena, zote zikaja kama alivyozichagua. Akasoma mistari aliyoandika, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia kwa kiganja. Hakuona kitu. Basi akaamua kuujaribu ule wenyewe ulioko hewani, ule ule wanaoutumia wagonjwa. Zamu za asubuhi zilikuwa zimejaa wiki nzima, kwa hiyo akachukua Ijumaa mchana. Ujumbe ukaingia kwenye simu yake: Ijumaa mchana. Sahihi kabisa.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Kitu kikiharibika, kinaharibika, fundi anakifungua na kukitazama. Kitu kinachoharibikia kwa watu na kupona fundi akifika, hicho kinamtia mtu wazimu. Jioni alimweleza mumewe, naye akasema friji pia zina tabia hiyo. Zikiwa dukani zinagandisha vizuri, zikirudi kwa mwenyewe haziwezi hata kupoza maji. Alimshauri aende kulitazama tatizo pale linapoishi. Mama mkwe, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, aliuliza kama hao wagonjwa hawakukosea kusoma. Mama Kodi alitamani sana jibu liwe hilo, lakini alikuwa amekwisha kuziona picha za simu zao alizotumiwa na Bibi Foleni.

Asubuhi iliyofuata hakupitia ofisini, alikwenda moja kwa moja kliniki na kompyuta yake ya mkononi. Alikuta mabenchi yamejaa. Aliketi nyuma ya meza ya mapokezi, kwenye kiti chake cha zamani ambacho bado kilikuwa kinayumba, akawa anasikiliza huku Bibi Foleni akiwahudumia watu. Mama mmoja mwenye gongo alikuwa amekuja siku moja kabla ya miadi yake. Kijana aliyevunjika mkono, vivyo hivyo. Kisha Bibi Foleni akamgeuzia simu ya mkononi aliyoazimwa na mgonjwa aliyekuja kuulizia miadi yake ya Jumatatu ya wiki inayofuata. Ujumbe ulisema Jumapili asubuhi.

Mama Kodi aliusoma mara mbili. Jumapili kliniki ilifungwa, geti likipigwa kufuli. Watu wote wa Jumatatu asubuhi walikuwa wameitwa waje kwenye geti lililofungwa, na miongoni mwao walikuwamo wa kubebwa, wa kukodishiwa gari, wa kuamshwa kabla hapajapambazuka.

Alimuuliza Bibi Foleni kama kuna yeyote wa mchana aliyelalamika. Mwenzake alisimamisha kazi, kalamu hewani, akafikiri.

"Wa mchana? Hapana. Hawa wote ni wa asubuhi."

"Una uhakika, dada?"

"Mimi? Wa mchana wanakuja na siku yao, wanakaa, wanatibiwa, wanaondoka. Wanaonitesa ni wa asubuhi tu."

Ilimjia taratibu, kama mtu anavyokumbuka alikoweka funguo. Jana yeye alijaribu nafasi ya mchana, ndiyo maana ikamjia sahihi. Hitilafu ilikuwapo muda wote. Yeye ndiye aliyebisha hodi kwenye mlango mwingine. Lakini asubuhi ina nini ambacho mchana hauna? Aliandika mstari mmoja mdogo wa kuiuliza seva swali ambalo hakuwahi kufikiria kuiuliza: wewe, kwako saa hizi ni saa ngapi? Akautuma, akasubiri, huku watu wakiitwa majina mbele yake. Jibu likaja.

Kwa seva ilikuwa saa nne usiku, tena ya jana.

Hapana aliyeelewa kwa nini karani wa zamani ameanza kucheka peke yake nyuma ya meza, na macho yamejaa maji. Hakuna asiyejua kwamba dunia haiamki kwa pamoja. Yeye mwenyewe alijua, ila hakuwahi kuitia akilini kwamba mashine nayo inahesabu siku kwa jua la huko iliko. Mgonjwa akichagua Alhamisi asubuhi, mfumo ulikumbuka wakati huo sawasawa. Lakini seva, ilipotaka kuandika jina la siku kwenye ujumbe, ilitazama saa yake yenyewe. Asubuhi ya hapa ni usiku wa jana huko, basi ikaandika Jumatano. Mchana wa hapa, huko usiku wa manane umekwisha kupita na siku imeshabadilika, kwa hiyo majina yakalingana. Na kwenye kompyuta ya ofisini kila kitu kilikwenda sawa kwa kuwa saa ya kompyuta ile ilikuwa ya hapa hapa.

Alimpigia mkuu wake. Mkuu alikuwa mtu wa kutembea huku na huko akiongea na simu, na Mama Kodi aliweza kusikia viatu vyake vikigonga sakafu. Alimweleza yote bila kupamba: mistari ni yake, kosa ni lake, na ameshajua lilipo. Viatu vikanyamaza.

"Miadi ya watu imepotea?"

"Haijapotea hata mmoja, mkuu. Siku zao ziko vile vile walivyozichagua. Ni ujumbe ndio uliosema uongo."

Alisikia mkuu akishusha pumzi ndefu, kisha kiti kikilia. Alimwambia arekebishe hapo hapo alipo, kisha wawatumie wagonjwa wote wa asubuhi ujumbe mpya wa kuomba radhi. Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo mno. Ilikuwa ni kuiambia seva wazi kwamba ikitaja siku ya mgonjwa, iitaje kwa saa za kliniki, haidhuru yenyewe iko wapi. Safari hii alijaribu kwa zamu ya asubuhi. Bibi Foleni alimwazima nafasi moja iliyoachwa na mgonjwa aliyesafiri, akaichukua, na simu yake ikatetemeka mezani. Wote wawili wakainama kusoma. Siku ilikuwa yenyewe. Bibi Foleni akampiga begani kofi la kirafiki lililouma kidogo, akarudi kuita majina.

Ujumbe wa masahihisho ulitoka kabla ya mchana. Bibi Foleni, ambaye hakuamini ujumbe peke yake, alikaa na simu ya mezani akiwapigia wa Jumatatu, mmoja mmoja. Wote walipatikana isipokuwa dereva mstaafu wa lori aliyepooza upande wa kulia, anayeishi na binti yake nje kabisa ya mji. Simu haikuita. Walijaribu Ijumaa, walijaribu Jumamosi, ikawa vile vile. Mama Kodi alimkumbuka vizuri mzee yule tangu alipokuwa mapokezi. Binti yake alimshusha kwenye gari kwa kumkumbatia kiunoni, na mzee alikuwa akimwomba radhi kwa uzito wake kila hatua. Kumwazia akishushwa hivyo mbele ya kufuli kulimnyima raha.

Jumapili asubuhi akavaa viatu. Mumewe alimtazama, akachukua ufunguo wa gari la kazini bila kuuliza swali, akatupa nyuma mtungi wa gesi na koili zake za friji ili kiti cha abiria kipatikane. Walikaa nje ya geti la kliniki, vioo vimeshushwa. Mtaa ulikuwa mtulivu. Mlinzi aliwatazama kwa wasiwasi, akawazoea, akaja kuegemea gari na kuuliza kuhusu friji ya kibandani kwake inayovuja. Kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya Mama Kodi ashike mkono wa mlango. Yote yalipita.

Jua lilipokwisha kupanda, simu yake iliita. Alikuwa binti wa dereva. Alieleza kwamba laini yake iliharibika tangu katikati ya wiki na ndiyo kwanza ameibadilisha, akakuta arifa za simu zilizopigwa, namba ya kliniki na hii nyingine zimejipanga. Kuna tatizo? Mama Kodi aliuliza kwa haraka wako wapi. Wako nyumbani, binti akajibu, wanakunywa chai. Miadi si kesho?

"Ni kesho," Mama Kodi alisema. "Lakini ujumbe wetu uliwaambia Jumapili."

Kukawa na minong'ono upande wa pili, kisha sauti ya mzee ikaja, nzito na ya kuburuta kidogo, lakini iliyoeleweka kila neno. Alisema aliuona ule ujumbe na akaupuuza, kwa sababu amekwenda kliniki ile mwaka mzima na anajua Jumapili hapana mtu pale zaidi ya mlinzi.

"Nikamwambia huyu binti, hao wamechanganya, sisi tutakwenda Jumatatu tuliyoichagua. Au nimekosea?"

"Hujakosea, baba. Sisi ndio tuliokosea. Karibuni kesho."

Mzee akamshukuru, akamuulizia hali ya Bibi Foleni, akakata. Mama Kodi alibaki ameshika simu mapajani. Mumewe, aliyekuwa amesikia yote, alikuwa ameanza kucheka, na mlinzi akacheka pia ingawa hakujua wanacheka nini. Nguvu zote alizokuwa amejikaza nazo tangu Jumatano zilimtoka kwa mkupuo, hata mabega yakamshuka yenyewe. Aliegemeza kichwa kwenye kiti na kusema watazame ile friji ya mlinzi kwanza, kwa kuwa wameshafika.

Mumewe aliingia kibandani na begi lake la vifaa. Alipotoka, friji imekwisha kuzibwa panapovuja, alimkuta mkewe amelala fofofo kwenye kiti cha abiria, mdomo wazi, jua likimpiga magotini. Alishusha kile kizuia jua cha mbele kimkinge uso, akafunga mlango taratibu usipige kelele, akamwendesha nyumbani mwendo wa pole.